Walioijenga Hawakutujua: Hotuba kwa Waliosoma Shule ya Parokia, Chicago

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Mwalimu Mkuu, masista wetu, walimu, wazee wa Misa ya Kiswahili, wenzetu wa familia za zamani za parokia mliotangulia hapa kabla yetu, na ninyi vijana mliosoma shule hii na leo mmeacha kazi na mapumziko yenu mkaja: karibuni nyumbani.

Nimesimama kama mzazi ambaye watoto wake wamepita katika madarasa haya, na kamati imeniomba niseme kwa lugha yetu. Nitasema jambo moja tu. Shule hii ilijengwa na watu maskini kuliko wengi wetu tuliomo ukumbini, na waliwajengea watoto ambao wasingewajua kamwe. Watoto wetu wamekula matunda ya mti huo. Sasa zamu ni yetu, na zamu hii inawaangukia kwanza ninyi mliohitimu.

Majina yaliyochongwa kwenye vioo vya madirisha ya kanisa mmeyasoma tangu utotoni: O'Brien, Murphy, Kelly, Sullivan. Wengi wenu mliyaona kama pambo. Naomba leo tuwatazame wenye majina hayo kama watu.

Walitoka Ayalandi. Katika nchi yao, sheria iliyopitishwa mwaka 1695 ilimzuia Mkatoliki kufundisha shule. Kwa hiyo watoto walifundishwa kwa maficho: mwalimu aliwakusanya kando ya ua wa miti, au ghalani, na mtoto mmoja akiwekwa alinde njia. Haki zao za kisiasa walizipata kwa kiasi kikubwa mwaka 1829 tu. Kisha mwaka 1845 ugonjwa ukaingia kwenye viazi, chakula cha maskini, ukarudi tena na tena. Katika miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi, huku meli zenye nafaka zikiendelea kutoka bandari za Ayalandi kwenda kuuzwa Uingereza. Wazee wetu waliotoka Kivu na Katanga, mliokimbia usiku mkiwa na watoto mgongoni, hamhitaji kuelezwa maana ya kuondoka namna hiyo.

Hapa Chicago baadhi yao walikuwa wamekwisha kufika kabla ya njaa, kuchimba mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na Mto Illinois. Kazi ilianza 1836 ikamalizika 1848, kwa sururu na koleo. Kuna wakati serikali ya jimbo iliishiwa fedha, wachimbaji wakalipwa kwa hati za ahadi ambazo thamani yake ilizidi kushuka. Walikaa Bridgeport, kusini mwa katikati ya jiji, kwenye vibanda kando ya maji machafu. Mwaka 1846 likafika kundi dogo la Masista wa Huruma, shirika lililoanzishwa Dublin na Catherine McAuley. Sista Frances Warde wa shirika hilo aliwaleta hapa, akamwacha Sista Agatha O'Brien awe mkubwa wao, naye alikuwa bado kijana. Walifungua shule mara moja, na baadaye hospitali. Mwaka 1854 kipindupindu kilipolikumba jiji, masista waliwauguza wagonjwa, na Mama Agatha akafa kwa ugonjwa huohuo.

Vijana wengi huniuliza kwa nini watu hawa wenye njaa walijitwisha mzigo wa kujenga shule zao wenyewe wakati shule za umma zilikuwepo, tena bure. Jibu lake si la furaha. Katika shule nyingi za umma za wakati ule, watoto walisomewa Biblia ya Kiprotestanti kila asubuhi, na vitabu vingine viliwaeleza Wakatoliki kama wajinga na watumwa wa Papa. Mtoto wa Mwayalandi alikaa darasani akisikia imani ya mama yake ikidhihakiwa. Askofu John Hughes wa New York, naye mhamiaji kutoka Ayalandi aliyeanza kazi Marekani kama mtunza bustani, alipigania kati ya 1840 na 1842 shule za Kikatoliki zipewe sehemu ya fedha za umma. Alishindwa. Kuanzia hapo aliwaambia mapadri wake watangulize shule, kanisa lifuate. Philadelphia mambo yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 1844, ugomvi kuhusu Biblia shuleni uligeuka ghasia, makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Agostino yakachomwa moto, watu wakauawa mitaani.

Hata baada ya kukaa miaka mingi, hawakuaminiwa. Ninyi mnaujua moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871. Ulianzia kwenye zizi la Patrick na Catherine O'Leary, katika mtaa wa DeKoven. Magazeti yakamtupia mama huyu lawama yote, kwa sababu alikuwa mwanamke, maskini, Mkatoliki na mhamiaji. Aliishi na lawama hiyo mpaka kaburini. Baraza la Jiji lilimsafisha jina mwaka 1997, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake. Namtaja kwa sababu kuna watoto wetu ambao wameambiwa, katika jiji hilihili, kwamba wakimbizi ndio chanzo cha kila kinachoharibika. Binti yangu, hilo si jambo jipya na halikuanza na wewe. Waliokaa kwenye dawati lako kabla yako waliambiwa vivyo hivyo.

Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule ndani ya miaka miwili. Agizo lilikuwa rahisi kuandika. Fedha zilitoka kwa nani? Kwa wachimba mifereji, wapakuzi wa mizigo, wafanyakazi wa machinjioni, na zaidi ya wote kwa wasichana waliofanya kazi za ndani katika nyumba za matajiri. Msichana wa Kiayalandi aliyekuwa akisugua sakafu ya mtu, akilala kwenye chumba cha darini, aligawa mshahara wake mara tatu. Sehemu ilikwenda Ayalandi kwa barua, kulipa kodi ya shamba la wazazi au nauli ya mdogo wake. Sehemu aliila. Na sehemu aliitia kwenye kikapu cha parokia, ili shule isimame. Wengi wao hawakuwa hata na mtoto wa kumpeleka huko.

Mafungu hayo matatu nayataja kwa makusudi, maana najua mtakachoniambia tukitoka nje. Mtasema: Mama, mimi nina watu kambini Nyarugusu. Nina bibi kambini Kakuma. Nina mdogo wangu Bukavu anayesubiri ada. Kila Ijumaa simu inalia. Nami nakujibu kwa heshima yote: nalijua hilo, na sitakuambia kamwe upunguze ya bibi yako. Huyo ndiye wa kwanza. Ninachokuomba ni fungu dogo kabisa, hata dola kumi kwa mwezi, lakini lisikatike. Nitaeleza kwa nini hilo la kutokukatika lina uzito kuliko ukubwa wake.

Shule za parokia ziliishi miaka mingi kwa sadaka ambayo haikuandikwa kwenye daftari lolote, nayo ni maisha ya masista. Walifundisha darasa la watoto hamsini, na wakati mwingine zaidi, kwa posho ndogo sana, wakaishi pamoja kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa jirani na shule. Hadi katikati ya karne ya ishirini, karibu walimu wote wa shule za Kikatoliki nchini walikuwa watawa na mapadri. Ndiyo maana ada ilikuwa ndogo, na parokia nyingine hazikutoza kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule hizi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni tano, katika shule karibu 13,000.

Kisha mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Miito ya kitawa ilipungua, na mahali pa sista akaingia mwalimu mlei mwenye familia, ambaye ni haki yake alipwe mshahara, bima na akiba ya uzeeni. Gharama zikapanda. Wakati huohuo, wajukuu wa wachimba mfereji walikuwa wamesoma, wamekuwa polisi, mawakili, madaktari, wakauza nyumba zao za mjini wakahamia vitongojini. Kikapu cha Jumapili kikapungua kwenye parokia zilezile ambazo gharama zake zilikuwa zikiongezeka. Leo nchi nzima ina wanafunzi wa shule za Kikatoliki karibu milioni 1.7, na shule chini ya 6,000. Katika kila walimu mia, watawa ni karibu watatu tu. Kwa hiyo mtoto wa kwetu akiingia darasa la kwanza hapa, ada anayolipa mzazi, hata akiilipa yote, haitoshi kumsomesha. Pengo linazibwa na parokia na wafadhili. Katika jimbo letu la Illinois palikuwa pia na mpango uliompunguzia kodi mtu aliyechangia ufadhili wa wanafunzi. Mpango huo ulianza 2018, ukaachwa ukomee mwisho wa 2023. Wazazi mlioupata mnajua kishindo chake.

Sasa wafadhili hao ni akina nani? Hapa naomba wenzetu wa familia za zamani wasimame kidogo, tuwapigie makofi. Baadhi yao wamezidi miaka themanini. Wanakaa mbali, wajukuu wao wanasoma shule nyingine, na hawana faida yoyote ya kuendelea kuifikiria parokia hii. Bado kila mwaka hundi inafika. Mmoja wao niliwahi kumwuliza kwa nini anawalipia watoto wasiofanana naye, wa lugha asiyoijua. Alinijibu kwamba bibi yake alipoteremka melini alikuwa anazungumza Kigaeli tu, lugha ya asili ya Waayalandi, na sista alimfundisha kusoma bila kudai kitu. Sikuwa na swali la pili.

Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, vijana wangu. Misa zao za mazishi tunaziimba sisi.

Kuna mfano wa karibu ambao kila mmoja wetu anaweza kwenda kuutazama kwa macho, hapo Roosevelt Road. Parokia ya Holy Family ilianzishwa 1857 na Padri Arnold Damen, Mjesuiti mzaliwa wa Uholanzi, kwa ajili ya Waayalandi maskini wa upande ule. Kanisa lilitabarukiwa 1860, na moto wa 1871 uliwaka karibu nalo bila kuligusa. Padri Damen aliwaita masista wafundishe watoto, akaanzisha pia shule ya Mtakatifu Ignasi iliyo jirani yake hadi leo. Miaka ikapita, Waayalandi wakahama, wakaja Waitaliano, Wameksiko na Wamarekani weusi, na jengo likaanza kuoza. Ikatolewa kauli: ipatikane dola milioni moja kufikia tarehe 31 Desemba 1990, la sivyo kanisa livunjwe. Wito wao ulikuwa mfupi, "Salini, mtume fedha." Watu waliobatizwa pale, watoto wao na wajukuu wao waliotawanyika nchi nzima walituma, na wengi walituma noti chache tu ndani ya bahasha. Milioni ikatimia kabla ya mwaka mpya. Kanisa bado limesimama.

Philadelphia mwanzoni mwa 2012 ilipendekezwa shule za Kikatoliki zaidi ya arobaini zifungwe, zikiwemo sekondari nne. Waliosoma kwenye sekondari hizo wakakusanyika usiku na mchana, wakatoa fedha na ahadi, na mwezi Februari Askofu Mkuu Charles Chaput akatangaza kwamba zote nne zitabaki wazi. Nalipenda simulizi hilo, ila lina somo lenye uchungu ndani yake. Shule nyingi za msingi za parokia zilizokuwa kwenye orodha ileile hazikuokoka. Sekondari huwa na daftari la wahitimu, ina timu ya mpira, ina sherehe za kukutana. Shule ya msingi ya parokia mara nyingi haina hata orodha ya simu. Mtoto anamaliza darasa la nane, anapigwa picha, anaondoka, na shule haijui tena alipo. Siku ya hatari ikifika hakuna wa kumwita.

Sisi tuko hivyo hivyo leo. Nimekaa na katibu wa shule tukatafuta mawasiliano ya vijana wetu waliomaliza miaka ya nyuma. Tulichopata ni namba za wazazi, nyingi hazipatikani. Familia zimehamia Iowa, Texas, Kentucky kufuata kazi na ndugu. Lakini najua mko wapi, kwa sababu Waswahili hatupoteani: nikiuliza kwenye kundi moja la kwaya, kabla ya jioni nimepata mtu wa Houston. Uwezo huo familia za zamani hawana. Huo ndio mchango ambao sisi tu ndio tunaweza kuutoa kwanza.

Kwa hiyo kamati inaomba daftari kabla ya fedha. Jina, mwaka uliomaliza, simu, mji unaoishi. Likishakamilika, ndipo tunaomba lile fungu la kila mwezi. Mwalimu Mkuu hupanga bajeti yake kabla watoto hawajaandikishwa, na lazima ajue mapema ni familia ngapi anaweza kuzipunguzia ada. Harambee ya mara moja, hata ikileta fedha nyingi, inakuja akiwa ameshamwambia mzazi fulani kwamba nafasi hakuna. Vijana mia moja wakitoa dola kumi kila mwezi, mwaka ukiisha ni dola 12,000, na Mwalimu Mkuu anaziona tangu mwanzo. Anaweza kumpigia mama aliyefika juzi kutoka kambini, akamwambia: mlete mtoto.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: waajiri wengi wakubwa nchini hapa, zikiwemo hospitali na kampuni mnazofanyia kazi, huongeza juu ya mchango wa mfanyakazi wao, pengine dola kwa dola. Uliza ofisi ya utumishi kazini kwako kama shule ya parokia inakubalika. Fomu ni fupi, na fedha hizo zisipoombwa zinabaki hukohuko kwa mwajiri.

Wapo mtakaosema, shule hii ina wenyewe. Nimeisikia kauli hiyo hata kwenye jumuiya zetu ndogondogo: ni shule ya Wazungu, Waayalandi wana fedha, watajua wenyewe. Mimi naikataa. Kwetu Afrika Mashariki tumesomeshwa na hawahawa. Masista wa Loreto kutoka Ayalandi walifika Kenya mwaka 1921. Wangari Maathai alisoma kwao Loreto Limuru, akaja kuendelea na masomo kwa watawa Wabenediktini huko Kansas, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuna aliyemwambia shule ile si yake. Na hapa, watoto wetu ndio wanaojaza madarasa. Bila wao milango ingekwisha kufungwa. Mwenye shule ni nani, kama si aliye ndani?

Nawajua pia wachache ambao miaka yao hapa ilikuwa migumu. Mlichekwa Kiingereza chenu, mlikaa peke yenu wakati wa chakula, labda mwalimu hakuwaelewa. Siwaombi msahau. Nawaomba mje mtuambie, kwa sababu mwezi ujao ataingia mtoto mwingine wa aina hiyohiyo, na hakuna atakayejua namna ya kumpokea kuliko ninyi. Hata kama huna dola ya kutoa, saa moja ya kumsaidia mtoto hesabu baada ya masomo, au kukaa pembeni ya mzazi asiyejua Kiingereza siku ya kuonana na walimu, ni msaada mkubwa. Yule sista wa zamani hakuwa na fedha. Alikuwa na saa zake.

Kabla sijakaa, utaratibu. Meza ziko nyuma ya ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, zimepangwa kwa miaka ya kuhitimu. Katibu ana karatasi za daftari na fomu za mchango wa mwezi. Waliopo mbali wataandikwa na ndugu zao, mradi namba ya simu iwe sahihi. Chakula hakitagawiwa mpaka kila aliyehitimu awe amepita mezani, hilo nimekubaliana na akina mama wa jikoni. Na wale wanaomaliza darasa la nane mwaka huu wataandikwa siku ileile ya Misa ya mahafali, kabla hawajarudisha majoho.